UCHAMBUZI: Mboga za kienyeji pekee hazitoshi kuwakinga wanawake wa Migori na Homa Bay dhidi ya saratani ya matiti

SARATANI ya matiti ndiyo saratani inayogunduliwa kwa wingi zaidi nchini Kenya. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yanaonyesha kuwa mwaka 2022 pekee zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 walipatikana nchini na zaidi ya wagonjwa 3,000 wakaaga dunia.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya wakazi milioni 2.2 wakati wa sensa ya 2019, mazungumzo kuhusu maradhi haya hayakosi kufika jikoni. Wapo wanaoamini kwamba nyanya zao hawakuugua kwa sababu walikula ugali wa mtama, omena na mboga za kienyeji. Wapo pia wanaolaumu sukari, mafuta ya kukaangia, kuku wa kisasa na vyakula vya pakiti.

Imani zote mbili zina chembe ya ukweli. Hata hivyo, zikichukuliwa zilivyo zinaweza kumchelewesha mwanamke anayestahili kufika hospitalini, au kumtwika mgonjwa lawama isiyo yake.

Yale ambayo sayansi imethibitisha ni machache kuliko yanayosemwa vijijini na mijini. Ulaji huathiri hatari ya saratani ya matiti hasa kupitia njia tatu: pombe, uzani wa mwili baada ya hedhi kukoma, na kunyonyesha, ambako ni ulishaji wa mtoto unaomlinda pia mama. Mengi mengine ama ushahidi wake ni hafifu, ama yanahusu maradhi tofauti.

Chakula kilivyobadilika

Kwa muda mrefu mlo wa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria ulitegemea ugali wa mtama, wimbi au muhogo, samaki kama ngege na omena, maziwa yaliyoganda na mboga za kienyeji. Mboga hizo ni pamoja na mnavu, ambao kwa Kijaluo huitwa osuga, mgagani au dek, mrenda au apoth, na majani ya kunde yanayojulikana kama boo. Eneo la Kabondo, Homa Bay, nalo linasifika kwa viazi vitamu.

Mlo huo umebadilika. Unga wa mahindi uliokobolewa umechukua nafasi ya mtama katika nyumba nyingi. Mandazi, chapati na chai ya sukari nyingi ndivyo vinavyofungulia siku katika vibanda vya Rongo, Awendo, Oyugis na Mbita.

Hata samaki amebadilika. Viwanda vya kusindika minofu ya mbuta vilipoenea katika ukanda wa ziwa miaka ya 1980 na 1990, nyama iliuzwa ng'ambo na mwenyeji akabakishiwa mifupa yenye nyama kidogo. Mifupa hiyo, maarufu kama mgongo wazi, hukaangwa kwa mafuta mengi na kuuzwa sokoni kwa bei ambayo maskini anaimudu.

Kwa hivyo, anayemwambia mama wa Karungu au Sindo arudie chakula cha mababu hana budi kukumbuka kuwa mama huyo hakukiacha kwa kupenda anasa. Kilimponyoka kwa sababu ya bei, soko na ukosefu wa muda.

Je, chakula hicho cha kale kiliwakinga akina nyanya? Hoja hii si ngeni Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyehudumu katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala hadi miaka ya 1960, alitambua kuwa maradhi kadhaa ya matumbo yaliyowasumbua watu wa Uingereza yalikuwa haba miongoni mwa Waafrika. Katika miaka ya 1970 alieneza hoja kwamba siri ilikuwa nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, mboga na mizizi.

Burkitt alizungumzia zaidi matumbo. Kuhusu matiti, ushahidi ulikuja baadaye na ni wa kiasi. Uchanganuzi uliochapishwa 2020, uliojumlisha tafiti 20, ulionyesha kuwa wanawake wanaokula nyuzinyuzi kwa wingi walikuwa na hatari iliyopungua kwa asilimia 8 ikilinganishwa na wanaozila kidogo. Utafiti mwingine wa 2016, uliohusisha zaidi ya wauguzi 90,000 wa Marekani, ulidokeza kuwa nyuzinyuzi zinazoliwa wakati wa ujana huenda zina manufaa makubwa zaidi.

Asilimia 8 si haba, lakini si ngao. Hakuna sufuria ya osuga inayoweza kumhakikishia mwanamke kwamba hatapata uvimbe.

Ni vyema pia kujiuliza kama akina nyanya hawakuugua kweli. Wengi walifariki kabla ya kufikia umri ambao saratani hii hushamiri. Waliougua hawakupimwa, na vifo vyao havikuandikwa popote. Aidha, walizaa watoto wengi na kuwanyonyesha kwa muda mrefu, jambo ambalo uzito wake katika suala hili ni mkubwa kuliko wa mboga.

Mafuta na nyama

Kwamba mazingira na mtindo wa maisha vina nafasi yake, hilo halina ubishi. Wanawake wa Kijapani waliohamia Hawaii na California walishuhudia viwango vya saratani ya matiti vikipanda katika vizazi vyao, ilhali damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuishi: chakula, uzani, idadi ya watoto na kazi za mwili.

Lakini kutenganisha kimoja na kingine ni kazi ngumu. Watafiti wa Marekani walijaribu kufanya hivyo kuanzia 1993, walipowaandikisha wanawake 48,835 waliokoma hedhi. Baadhi yao walifundishwa kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka. Wengine waliendelea kula kama kawaida.

Matokeo yaliyotolewa 2006, baada ya takriban miaka 8, yaliwavunja moyo wengi. Tofauti ya waliopata saratani baina ya makundi hayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa sadfa. Hata hivyo, wanawake hao walipofuatiliwa kwa karibu miaka 20, vifo vilivyotokana na saratani ya matiti vilikuwa vimepungua kwa asilimia 21 katika kundi lililobadilisha mlo. Matokeo hayo ya pili yalichapishwa 2020.

Funzo lililopo ni kwamba mlo bora una faida, ila faida hiyo huja polepole na haiondoi hatari yote.

Kuhusu nyama, IARC ilitangaza Oktoba 2015 kuwa nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, husababisha saratani, na kuwa nyama nyekundu huenda pia inasababisha. Tangazo hilo lilizua hofu kote duniani. Ushahidi wake mkuu, lakini, ulihusu saratani ya utumbo mpana wala si ya matiti. Mafuta yanayokaangiwa mara nyingi nayo yanastahili kuepukwa, hasa kwa ajili ya moyo na mishipa ya damu.

Uzani

Unene unamhusu mwanamke kulingana na umri wake. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hutengenezwa zaidi na ovari. Baada ya hapo, chanzo chake kikuu huwa tishu za mafuta mwilini. Mafuta yakizidi, homoni huzidi, na estrojeni ndiyo inayochochea aina nyingi za saratani ya matiti.

Uchanganuzi mkubwa uliochapishwa 2008 ulikadiria kuwa hatari baada ya hedhi kukoma hupanda kwa asilimia 12 kwa kila nyongeza ya vipimo 5 katika uwiano wa uzani na kimo. Kwa mwanamke mwenye kimo cha mita 1.6, hiyo ni sawa na kuongeza takriban kilo 13. Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, uhusiano huo haukuonekana.

Jambo hili lina maana yake nchini, kwa kuwa wagonjwa wengi wa saratani ya matiti Kenya hawajatimiza miaka 50. Unene hauwezi kueleza masaibu ya msichana wa miaka 32 anayepatikana na uvimbe, na ni kosa kumwambia amejiletea mwenyewe.

Hata hivyo, mwelekeo wa taifa unatia wasiwasi kwa miaka ijayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliopita kiasi. Ule wa 2022 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa kati ya miaka 20 na 49 wakiwa katika hali hiyo. Ingawa makundi hayo ya umri hayalingani kikamilifu, mwelekeo ni wa kupanda.

Katika Homa Bay na Migori suala la uzani lina historia chungu. Utafiti wa kitaifa wa 2018 kuhusu virusi vya ukimwi ulikadiria maambukizi kuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori. Katika miaka ambayo dawa hazikupatikana, kukonda kulikuwa ishara ya kifo, na kunenepa kukawa dalili ya uzima na maisha mema.

Ni vigumu basi kumshawishi mwanamke aliyewazika jamaa zake waliokonda kwamba unene una madhara. Akipungua uzani, majirani wataanza kunong'ona.

Kuna jambo la ziada. Dawa ya dolutegravir, ambayo Kenya ilianza kuisambaza kwa wingi kuanzia 2018, inawasaidia wagonjwa vizuri kuliko nyingi zilizoitangulia. Lakini utafiti uliofanywa Johannesburg na kuchapishwa 2019 ulionyesha kuwa wagonjwa, hasa wanawake, huongeza uzani wanapoitumia pamoja na dawa nyingine.

Hilo si sababu ya yeyote kuacha dawa. Ni sababu ya kliniki za ukimwi kupima uzani, kutoa ushauri wa lishe na kukagua matiti katika ziara ile ile. Wanawake ambao dawa zimewaokoa sasa wanafikia umri wa kukoma hedhi, na mfumo wa afya unapaswa kuwapokea huko pia.

Pombe

Miongoni mwa vitu vyote vinavyotiwa kinywani, kilicho na ushahidi mzito zaidi ni pombe. IARC iliorodhesha vileo miongoni mwa visababishi vya saratani 1988, na baadaye ikathibitisha kuwa vinahusika na saratani ya matiti. Januari 2023 WHO ilisisitiza kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Watafiti walioratibiwa kutoka Oxford, Uingereza, waliripoti 2002 kuwa hatari huongezeka kwa takriban asilimia 7 kwa kila gramu 10 za pombe zinazonywewa kwa siku. Gramu 10 hupatikana katika zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya bia ya mililita 500.

Takwimu hiyo inaeleweka vyema kwa mfano. Katika nchi tajiri, watafiti hao walikadiria kuwa kati ya wanawake 100 wasiokunywa, karibu 9 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Kati ya wanaokunywa vinywaji viwili kila siku idadi hiyo hufika 10, na kwa wanaokunywa sita hupita 13.

Mwili hautofautishi bia ya baa mjini Migori, mvinyo wa hotelini na chang'aa inayouzwa kwa glasi katika fuo za ziwa. Kinachohesabiwa ni kiasi cha pombe, na chang'aa huwa kali. Ajabu ni kwamba katika mijadala kuhusu chakula na saratani, sukari hutajwa kwanza ilhali pombe husahaulika.

Kunyonyesha

Watafiti hao wa Oxford walikusanya pia, mwaka huo huo wa 2002, takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30. Waligundua kuwa kila miezi 12 ambayo mwanamke ananyonyesha hupunguza hatari yake kwa asilimia 4.3, mbali na asilimia 7 inayopungua kwa kila mtoto anayezaliwa.

Walikadiria kwamba iwapo wanawake wa nchi tajiri wangezaa na kunyonyesha kama walivyofanya wanawake wa nchi zinazostawi hadi hivi karibuni, idadi ya wanaopata saratani hii kabla ya miaka 70 ingeshuka kutoka 6.3 hadi 2.7 kwa kila wanawake 100. Karibu thuluthi mbili za upungufu huo zingetokana na kunyonyesha.

Hapa ndipo penye jibu la fumbo la akina nyanya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Kufikia 2022 wastani ulikuwa 3.4. Migori na Homa Bay zilichelewa katika safari hiyo, kwa kuwa 2014 wastani katika kila kaunti ulikuwa bado zaidi ya watoto 5.

Hakuna anayependekeza wanawake wazae wanane tena. Uzazi wa karibu karibu una hatari zake kwa mama na mtoto. Lakini kunyonyesha kunaweza kudumishwa hata pale watoto ni wawili au watatu.

Ukanda huu uliwahi kupokea ushauri uliobadilika badilika kuhusu jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mama mwenye virusi vya ukimwi alihimizwa kuepuka kunyonyesha ikiwa angeweza kumpa mtoto maziwa mbadala kwa usalama. Mwaka 2010 WHO ilielekeza kuwa anayetumia dawa anyonyeshe hadi mtoto atimize miezi 12, na 2016 muda huo ukaongezwa hadi miezi 24 au zaidi. Si ajabu kwamba baadhi ya familia bado zina shaka.

Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea kazini. Mama anayeuza omena au nguo sokoni hana mwajiri. Mwajiri wake, kwa namna fulani, ni serikali ya kaunti inayomtoza ada ya soko kila siku.

Kuchelewa

Yote haya yakijumlishwa, bado hayagusi kiini cha vifo vya saratani ya matiti. WHO inasema karibu nusu ya wagonjwa hawana kisababishi chochote kinachojulikana isipokuwa jinsia na umri wao. Hata wanaume huugua, nao ni kati ya asilimia 0.5 na 1 ya wagonjwa wote.

Takwimu zilizotolewa na WHO na IARC Februari 2024 zinaonyesha pengo la kutisha. Katika nchi zilizoendelea zaidi, mwanamke 1 kati ya 12 hupatikana na saratani ya matiti maishani mwake, lakini ni 1 kati ya 71 anayefariki kutokana nayo. Katika nchi zenye maendeleo duni, 1 kati ya 27 hupatikana nayo, na 1 kati ya 48 hufariki.

Kwa maneno mengine, mwanamke wa nchi maskini ana uwezekano mdogo wa kuugua lakini uwezekano mkubwa wa kufa. Iwapo chakula cha asili kinamkinga, basi kinga hiyo hupotea pindi anapochelewa kupimwa na kutibiwa. Nchini Kenya wagonjwa wengi hufika hospitalini maradhi yakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Dalili nyingine ni ngozi ya titi kukunjamana, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, na uvimbe kwapani. Mwenye dalili hizo anahitaji kukaguliwa na mhudumu wa afya bila kungoja aone kama mitishamba au kuacha sukari kutasaidia. Kwa kweli, mgonjwa anayejinyima chakula akidhani anaiua njaa saratani hudhoofika na kushindwa kustahimili matibabu.

Safari ya matibabu yenyewe ni ndefu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Muhuru Bay au kisiwa cha Mfangano aliyehitaji tiba ya mionzi amelazimika kusafiri hadi Eldoret au Nairobi. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kiwango fulani kwa mwaka, lakini nauli, malazi na chakula hubaki mzigo wa familia.

Kwa kuwa huduma nyingi za afya zilikabidhiwa kaunti 2013, uamuzi kuhusu hatua nyingi za kwanza uko Migori na Homa Bay kwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa Septemba 2023 kote nchini, wanaweza kufundishwa kutambua dalili na kufuatilia kama aliyetumwa hospitalini alifika. Lengo la WHO ni kuwa uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza.

Upande wa chakula pia kaunti zina la kufanya. Machi 2022 mradi wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku ulizinduliwa Migori na serikali kwa ushirikiano na WHO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, na wakulima wakaanza kupanda maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) naye ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mboga za kienyeji zinaweza kulimwa kibiashara na kuwafaa wakulima.

Mboga hizo zinastahili kuwa rahisi kupatikana kuliko mandazi, kwa manufaa ya moyo, damu na uzani wa kila mkazi. Lakini mwanamke akihisi uvimbe kwenye titi lake, ushauri anaostahili kupewa na mumewe, mama mkwe na kanisa lake ni mmoja tu: aende hospitalini wiki hiyo hiyo.